Harusi ya kisiwani Karibiani kwa meli ya kruzi: mwongozo kamili, kuanzia pasipoti mpaka cheti cha ndoa

Mdogo wangu alipotutangazia kwamba anataka kufunga ndoa ufukweni huko Karibiani, kikao cha familia kilifanyika kwenye grupu la WhatsApp na kilienda siku tatu mfululizo. Watu wa Tanga wanauliza kwani huku bahari hakuna? Watu wa Houston wanatuma picha za mchanga mweupe, na upande wa bibi harusi, ambao ni Wakongo wa Bukavu, wanauliza mahari italetwa lini kabla hata ya kuzungumzia hiyo meli. Mimi ndiyo dada mkubwa na naishi Texas kwa hiyo mzigo wote ukaniangukia. Tulifanikiwa jamani, wiki ya pili ya Januari, watu 34, meli kutoka Miami, harusi kisiwani St. Thomas. Ila kuna vitu nilivijua kwa kuchelewa na vilininyima usingizi, ndiyo nimeamua kuviandika vyote kwa mpangilio.

Na mapema niseme, kama wageni wako wengi wako Dar au Mombasa, fanyeni Zanzibar au Diani na mtakuwa mmewapunguzia watu gharama kubwa sana. Mwongozo huu ni kwa wale ambao familia yao wengi wako Marekani au Kanada, ambako meli za Karibiani zinaondokea karibu na nyumbani.

Hatua ya kwanza: orodhesha watu na karatasi walizonazo, kabla hujaangalia picha ya ufukwe wowote

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanachagua kisiwa, wanalipa dipoziti, alafu ndiyo wanagundua baba mkwe hawezi kupanda meli. Chukua karatasi au fungua jedwali kwenye simu, andika kila mtu unayetaka awepo, na mbele ya jina lake andika ana pasipoti ya nchi gani, inaisha lini (iwe na miezi sita mbele kuanzia siku ya kurudi, ndiyo salama), na anakaa Marekani kwa hadhi gani. Uliza kwa heshima na mmoja mmoja, usiulize kwenye grupu, kuna watu makaratasi yao ni siri yao.

Raia wa Marekani hana shida. Kwa safari inayoanzia na kuishia bandari ile ile ya Marekani anaweza hata kupanda kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chenye picha, lakini mimi nasema kila mtu awe na pasipoti, kwa sababu ukiugua au meli ikikuacha kisiwani utarudi kwa ndege, na ndege ya kimataifa haitaki cheti cha kuzaliwa.

Mwenye grini kadi, abebe grini kadi yenyewe ya plastiki pamoja na pasipoti ya nchi yake iliyo hai. Wengi tunaiacha pasipoti ya nyumbani inaisha miaka kwa sababu hatusafiri, sasa kuirenyu kupitia ubalozi inaweza kuchukua miezi. Anza leo. Na kila kisiwa ambacho meli inatia nanga kina sheria zake za visa kwa pasipoti yako hata kama hutashuka, kwa hiyo angalia bandari zote kwenye ratiba sio ile ya harusi peke yake.

Mwenye visa ya kutembelea, angalia imeandikwa kuingia mara ngapi. Hapa ndipo tulipokwama. Shangazi yetu alikuwa ameshafika Houston kutoka Tanga, gauni limeshashonwa, na miezi miwili kabla ya safari ndiyo nikafungua pasipoti yake nikaona visa ni ya kuingia mara moja. Ukipanda kruzi inayopita nchi nyingine umetoka Marekani, na kurudi kwako kunahesabika kama kuingia upya. Shangazi angebaki bandarini. Nililia siku hiyo. Nitaeleza mbele tulifanyaje.

Mkimbizi, na hili nawaambia hasa ndugu zetu Wakongo na Warundi: hati ya kusafiria ya mkimbizi inakuruhusu kurudi Marekani, ila visiwa vingi vitataka visa juu yake na vingine havikupokei nayo kabisa. Na kama kesi yako ya hifadhi bado inaendelea, au uko kwenye hatua za kubadilisha hadhi, usipande meli yoyote kabla hujaongea na wakili wa uhamiaji. Vile vile mliokuja kwa visa ya uchumba ile ya siku 90, visa hiyo inaingia mara moja tu, ukienda kruzi kabla mambo yako hayajakaa sawa umejifungia mlango nje. Fungeni ndoa mjini kwenu ndani ya hizo siku 90, ufukwe utasubiri.

Wageni kutoka Afrika Mashariki moja kwa moja, sikilizeni. Kuna visiwa vya Jumuiya ya Madola vinavyowapokea Wakenya na Watanzania bila visa, ni kweli, lakini ndege za kufika huko nyingi zinapita Marekani au Uingereza. Marekani inadai visa hata kama unabadilisha ndege tu, na Uingereza pia wana visa yao ya kupita. Masharti haya yanabadilika sana siku hizi, kwa hiyo kila mgeni aangalie kwenye tovuti ya ubalozi wenyewe kabla ya kulipa hata senti.

Mjomba wa bibi harusi, aliyemlea, alikuwa na grini kadi lakini pasipoti ya Kongo hana. Meli hawamchukui. Na huyo ndiyo mtu wa kumtoa binti, harusi bila yeye haipo. Basi mjomba ndiye aliyetuchagulia kisiwa. St. Thomas ni Visiwa vya Virgin vya Marekani, Wamarekani walivinunua kutoka kwa Wadenmark mwaka 1917 kwa dola milioni 25, kwa hiyo unakwenda pale kwa ndege ya ndani bila pasipoti. Mjomba alipanda ndege Houston na grini kadi yake, tulipofika na meli tukamkuta amekaa ufukweni na suti, anatusubiri. Wakati wa kurudi kuna maofisa wa mpaka wanakagua pale uwanja wa ndege, ndiyo maana mwenye karatasi zisizo kamili asijaribu bila wakili. Puerto Rico nayo ni ya Marekani, na San Juan meli zinafika na nyingine zinaondokea hapo hapo.

Hatua ya pili: amua ni harusi ya aina gani

Watu wanasema "harusi ya kruzi" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe kuna njia nne na zinatofautiana sana.

Kwanza, kuolewa ndani ya meli ikiwa bado bandarini, siku ile ile mnayopanda. Uzuri wake ni kwamba wageni wasiosafiri wanaruhusiwa kuingia kwa masaa machache, wakashuhudia, wakala keki, wakashuka kabla meli haijaondoka. Majina yao lazima yapelekwe wiki kadhaa kabla. Leseni ni ya jimbo la bandari: Florida wasio wakazi wake hawasubiri, ila mkazi wa Florida anasubiri siku tatu kama hajasoma kozi ya ndoa, na Texas, kwa wanaoondokea Galveston, ni masaa 72 tangu leseni itoke.

Pili, kufungishwa na kapteni meli ikiwa katikati ya bahari. Ipo kweli, ila sio kila kapteni ana mamlaka, inategemea bendera ya meli, yaani nchi ilikosajiliwa. Kampuni ya meli ya Princess walianza miaka ya 1990 na wao meli zao nyingi zina bendera ya Bermuda, na wenzao wa kampuni ya Cunard walihamisha usajili wa meli zao kwenda Bermuda mwaka 2011, harusi zikiwa sababu mojawapo. Cheti kinatoka nchi ya bendera na maombi yanaanza miezi kabla.

Tatu, harusi kisiwani siku meli ikiwa imetia nanga. Hii ndiyo yetu. Ni nzuri sana na ina presha kuliko zote kwa sababu una masaa nane hivi, na humo humo utoe watu melini, uwapakie kwenye gari, mfunge ndoa, mpige picha, mle, mrudi.

Nne, kuachana na meli, mkae rizoti kisiwa kimoja siku nne tano. Kwa familia yenye wazee wengi ningewashauri hii, maana hakuna kukimbizana na saa, ila kila mtu anajilipia ndege na hoteli, na chakula kama rizoti sio ya kila kitu ndani.

Hatua ya tatu: ndoa ya kisheria ifungwe wapi?

Kila kisiwa kina yake. Bahamas kwa kawaida wanataka wote wawili muwe mmekaa nchini masaa 24 kabla ya kuomba leseni, sasa meli inayosimama Nassau asubuhi na kuondoka jioni unaona yenyewe. Jamaica pia ni masaa 24 baada ya kufika, na maombi yawe yametangulia, na vyeti vya kuzaliwa viwe na jina la baba, wengi wetu wa vyeti vya zamani hapo ndiyo shughuli. St. Lucia ni siku tatu au ulipie leseni maalum ya haraka. Barbados hakuna kusubiri, ila wote wawili mwende wenyewe ofisini. Visiwa vya Cayman wana leseni maalum kwa wageni na watu wa meli wanaoana siku hiyo hiyo, lakini George Town meli haifungi gatini, mnashuka kwa boti ndogo, bahari ikichafuka hamshuki. Jamhuri ya Dominika wanataka karatasi zilizotafsiriwa Kihispania. Martinique, Guadeloupe na upande wa Kifaransa wa Saint-Martin, sahau, sheria ya Ufaransa inataka mmoja wenu awe amekaa hapo kama mwezi mzima.

St. Thomas leseni inatoka Mahakama Kuu ya visiwa hivyo, fomu unazituma kabla na mnakwenda kuichukua wenyewe siku za kazi. Inawezekana kabisa. Lakini sisi hatukufanya hivyo na ninawashauri msifanye, nitasema kwa nini: mkataba wa meli unampa kapteni haki ya kuruka bandari yoyote kwa sababu ya hali ya hewa, na halipi harusi yako. Ikitokea hivyo na leseni yenu ni ya kisiwa kile, mnarudi nyumbani hamjaoana.

Kwa hiyo fungeni ndoa ya serikali mjini kwenu wiki moja au mbili kabla, alafu kisiwani mfanye ibada, viapo, pete na shangwe zote. Sisi tulienda kwa karani wa kaunti Houston, tukasubiri masaa 72, na Jumamosi mchungaji akawafungisha sebuleni kwangu, shangazi yetu wa Tanga amekaa mbele kabisa kwenye kochi. Alipiga vigelegele peke yake vikajaa nyumba. Alipokosa meli hakukosa ndoa, na kusema kweli siku ile ya sebuleni ndiyo mdogo wangu anaikumbuka zaidi. Kumbuka tu kwamba tarehe ya ndoa kwenye fomu zozote za serikali na uhamiaji ni ile ya kwenye cheti, usije ukaandika ya ufukweni kwa sababu ndiyo yenye picha nzuri.

Kuhusu dini ongeeni mapema. Kanisa Katoliki kwa kawaida linataka ndoa ifungwe kanisani na padri anaweza kukukatalia ufukwe, hapo mnafunga parokiani kwenu na kisiwani mnapata baraka na sherehe. Wachungaji wengi wa Kiprotestanti hawana shida. Waislamu, nikaha haina masharti ya jengo, mkiwa na walii, mashahidi wawili, mahari na ijabu na kabuli imetimia, ila bado mnahitaji ile leseni ya serikali. Chakula cha halali kwenye meli kiombwe kwa maandishi miezi miwili kabla, usisubiri kumuuliza mhudumu mezani.

Hatua ya nne: tarehe na njia

Msimu wa vimbunga Atlantiki ni tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba, na mbaya zaidi ni kuanzia katikati ya Agosti mpaka Oktoba, ndiyo maana bei za Septemba zinatamanisha. Meli ina afadhali maana inakwepa kimbunga inabadilisha njia, ila wewe harusi yako iko kisiwani na kisiwa hakihami. Ukilazimika miezi hiyo basi Aruba, Bonaire na Curaçao ziko kusini, nje ya njia ya vimbunga vingi. Januari baada ya sikukuu bei zinashuka na hali ya hewa ni tamu, epuka tu wiki za likizo za shule mwezi Machi na Aprili.

Njia ni hizi: ya mashariki kutoka Miami, Fort Lauderdale au Port Canaveral inakwenda San Juan, St. Thomas, St. Maarten. Ya magharibi inakwenda Cozumel, Jamaica, Grand Cayman, Roatán, na hii ndiyo utaikuta sana Galveston na New Orleans. Safari nyingi za siku tatu nne zinaishia Bahamas, na huko kampuni nyingi zina visiwa vyao binafsi kama CocoCay au Half Moon Cay, ambako wageni wa nje hawafiki kabisa, kwa hiyo mjomba wenu wa kuja na ndege asahau.

Wajawazito: meli nyingi hazichukui mama atakayekuwa na wiki 24 wakati wowote wa safari. Mtoto mchanga awe na miezi sita, na njia ndefu za baharini mwaka mmoja. Watangazie mapema maana ndani ya mwaka mmoja wa maandalizi lazima mtu mmoja apate mimba.

Hatua ya tano: kamati, michango na hela

Sisi tumezoea kamati ya harusi, kadi za michango, kitchen party, send-off, mgeni anachanga alafu anakula na kunywa bure. Harusi ya kruzi inageuza kila kitu, mgeni anajilipia kabini. Ukimwomba mtu huyo huyo na mchango wa ukumbi, utapoteza ndugu. Uamuzi wetu ulikuwa hivi: anayesafiri hachangi chochote, nauli yake ndiyo mchango wake na tulilisema wazi siku ya kwanza. Wasiosafiri wakachanga kwa hiari kwa ajili ya sherehe ya Houston ambayo na wao walikuja, na sehemu ya hela ile ikawalipia kabini mama zetu wawili. Mweka hazina akawa mtu mmoja, akiba kwenye akaunti moja, na kila mwezi anatuma hesabu kwenye grupu. Mahari ilikwenda kwa utaratibu wake Bukavu na Tanga, usiichanganye na bajeti ya meli hata kidogo.

Bei ya kabini unayoiona kwenye tangazo sio utakayolipa. Ni kwa mtu mmoja, wawili wakilala chumba kimoja, na anayelala peke yake mara nyingi analipa karibu mara mbili. Juu yake kuna kodi na ada za bandari, tipu za lazima ambazo kampuni nyingi ni kati ya dola 16 na 20 hivi kwa mtu kwa siku, intaneti, vinywaji vyenye asilimia 18 au zaidi ya huduma, usafiri wa kufika bandarini na hoteli ya usiku mmoja. Piga hesabu yote hiyo uwape wageni namba ya mwisho. Mtu akijua ni dola 1,400 atajipanga, ila umwambie 700 alafu akutane na 1,400 kaunta, hatakusamehe.

Wekeni nafasi kama grupu. Kampuni nyingi zinaanzia kabini nane, na kwa kila abiria 16 wanaolipa mnapata nauli moja ya bure, kodi mnalipa wenyewe. Sisi kwa watu 34 tulipata mbili tukazirudisha kwa wazazi. Mtumie wakala anayejua magrupu, lakini pokea risiti yenye namba ya safari na uihakiki kwenye tovuti ya meli siku hiyo hiyo. Kuna ndugu yetu alimlipa mtu aliyejiita ajenti kwa njia ya simu na kabini haikuwepo.

Malipo ya mwisho yanakuwa siku 75 mpaka 90 kabla ya kuondoka, wewe watangazie wageni tarehe ya wiki tatu kabla ya hiyo. Tunajuana.

Bima nunueni, na nunueni ndani ya wiki mbili tangu dipoziti ya kwanza maana ndipo wanapokubali magonjwa mliyokuwa nayo kabla. Kimbunga kikishapewa jina bima mpya haikifidii. Kunyimwa visa nako kwa kawaida hakufidiwi. Hospitali ya meli ipo, inakutibu, alafu bili inaingia kwenye kadi yako palepale.

Jina kwenye tiketi liwe sawasawa na pasipoti. Sisi wenye majina matatu tunaita hili la baba mbele mara la ukoo nyuma, ukikosea utazuiwa. Na bibi harusi asafiri kwa jina lake la zamani, ajibadilishe akirudi.

Hatua ya sita: kabini na mizigo

Wazee na wanaoumwa na bahari wape kabini za katikati ya meli, deki za chini, huko haichezi sana. Wabebe na tangawizi na vidonge vya kichefuchefu, wameze kabla hawajaanza kujisikia vibaya. Kabini za ndani zisizo na dirisha ni nafuu na vijana hawajali, wataingia kulala tu. Maharusi wapeni balkoni jamani, msibane hapo.

Gauni, shela, suti, pete, dawa na karatasi zote hazipewi mpagazi wa bandarini, unabeba mkononi, maana sanduku unaloacha chini linafika mlangoni kwako jioni na lingine usiku. Pasi za nguo na za mvuke haziruhusiwi kabini, mpeleke gauni kwa watu wa dobi siku mbili kabla ya harusi. Mishumaa marufuku, droni mara nyingi marufuku, chakula cha kupika nyumbani marufuku, kwa hiyo zile sambusa za mama mkwe za kwenye friza, zileni hotelini usiku wa kuamkia safari. Maua na matunda ya melini usishuke nayo kisiwani. Na hili litakushangaza: nguo za madoa madoa ya kijeshi ni kosa la jinai kwa raia kule Jamaica, Barbados, St. Lucia na visiwa vingine kadhaa, hata kaptula ya mtoto. Waambie wasindikizaji wa bwana harusi.

Kanga na vitenge vinaruhusiwa, vijaze. Tulivaa sare ya kitenge watu wote 34 siku ya kupanda na wahudumu wa meli walikuwa wanatuita kwa jina la ukoo mpaka siku ya mwisho.

Fikeni mji wa bandari siku moja kabla. Hii sio ya kujadili, meli haisubiri ndege iliyochelewa, na kudandia bandari inayofuata kuna sheria zake na pasipoti zake.

Hatua ya saba: siku yenyewe, na habari ya saa

Mratibu wa harusi awe mtu wa kisiwani, mwenye leseni pale, mliyeongea naye kwa video zaidi ya mara moja. Mkataba uandike nini kinatokea meli isipofika: anarudisha nusu, anahamishia tarehe nyingine, au hela imekwenda. Ufukwe nao uliza kama unataka kibali. Magens Bay pale St. Thomas ni bustani ya umma na wana viingilio, Trunk Bay kule St. John iko ndani ya hifadhi ya taifa na harusi inaombewa kibali kabla. Uliza gari linalobeba watu wangapi, kiti cha bibi mzee kitawekwaje kwenye mchanga, na choo kiko umbali gani. Picha hazionyeshi choo. Na uliza siku hiyo zinafika meli ngapi, kwa sababu zikifika tano ufukwe unakuwa kama Kariakoo, mkawahi mapema au mkachagua ufukwe mdogo.

Sasa saa. St. Thomas wakati wa baridi iko mbele ya Miami kwa saa moja, na meli inaweza kubaki na saa za Miami. Mratibu alisema sherehe saa tano asubuhi, yake ya kisiwani. Mpambaji wetu wa mekapu akapanga kwa saa ya melini. Tulichelewa lisaa lizima, mjomba amesimama juani na suti, na picha za familia zikakatwa nusu. Kiangazi ni hatari zaidi kwenye njia ya magharibi, maana Jamaica, Cayman na Cozumel zinakuwa nyuma ya Miami kwa saa moja, simu yako ikijibadilisha yenyewe unaona bado una lisaa kumbe meli imeshavuta ngazi. Kila mtu avae saa ya mkono iliyosetiwa kwa muda wa meli na kila tangazo liandikwe "saa ya meli". Na kama una wageni wasiotumia saa za Kiswahili andika zote mbili, kuna mkwe wetu Mmarekani aliambiwa saa kumi akajua ni asubuhi.

Ratiba yenyewe iache nafasi. Kushuka melini kwa watu 34 kunachukua zaidi ya nusu saa, foleni ya magari nyingine nusu. Sherehe dakika 30, picha saa moja, chakula kifanyike melini jioni ambako kimeshalipiwa na hakuna anayeangalia saa. Mwisho wa kurudi huwa nusu saa kabla ya kuondoka, nyie jiwekeeni lisaa na nusu. Muziki wetu tulibeba kwenye spika ndogo, mchanganyiko wa taarabu na rumba, na madereva wa teksi pale ufukweni wakaja kucheza na sisi.

Hatua ya nane: karatasi za baadaye

Kama ndoa ya serikali mmefunga kwenu, ombeni nakala tatu zilizothibitishwa za cheti, moja haitoshi, kila ofisi inataka yake na nyingine hairudishi. Mkifunga kisiwani, muulizeni mratibu kabla hamjaondoka ni ofisi gani inatoa nakala rasmi na inachukua wiki ngapi, maana karatasi mnayosaini ufukweni mara nyingi ni ya kumbukumbu tu. Kubadilisha jina Marekani kunaanzia Social Security (ofisi ya hifadhi ya jamii), alafu leseni ya udereva, alafu pasipoti.

Kwa matumizi ya nyumbani, sheria ya ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaitambua ndoa iliyofungwa nje kihalali, na mambo ya usajili ni RITA (wakala wa serikali wa usajili) au ubalozi. Cheti kipelekwe kikiwa na muhuri wa serikali ya jimbo kilikotoka, na kama nchi yenu haimo kwenye mkataba wa apostili (wa nchi zinazotambuliana muhuri mmoja wa vyeti) kinapitia pia wizara ya nje ya Marekani na ubalozi wa nchi yenu, ni mzunguko wa miezi, kwa hiyo anzeni wiki mnayorudi. Sisi nakala ya Tanga ilibebwa na shangazi mwenyewe alipokuwa anarudi, ameiweka kwenye bahasha ya plastiki ndani ya mkoba wa mkononi pamoja na chupa ndogo ya mchanga wa St. Thomas ambayo mjomba alimletea.